Droo ya Neno Kujua

Jumatatu, 4 Machi
Ofisi ya kamusi, ghorofa ya pili

Mdogo wangu,

Mpe mama shikamoo yangu kabla hujaendelea, maana naijua tabia yako ya kusoma kwanza na kufikisha salamu wiki ya pili. Miguu yake inaendeleaje? Daktari aliposema tuhesabu miezi, tusihesabu miaka, wewe ulitikisa kichwa tu kama mtu anayeelezwa ukubwa wa kitasa. Mimi ndiye niliyetoka nje kulia.

Nimehamishiwa droo mpya. Unamkumbuka yule mwenzangu tuliyemwita Mzee Kadi, aliyefariki mwaka jana. Droo yake ya herufi K ya Kiingereza ilikuwa imefungwa tangu hapo, na kila mtu ofisini anapita mbali nayo. Wiki iliyopita Mhariri akanipa ufunguo, akasema, "Anza na neno lao la kujua." Wenyewe wanaliandika know, herufi nne, na ya kwanza hata hawaitamki. Lina kadi thelathini na moja. Ukimjua mtu, ni hilo. Ukijua habari, ni hilo. Ukijua kushona, ukiifahamu njia ya kwa shangazi, ukimtambua mtu kwa sauti kabla hujamwona, ukiwa umeionja njaa, kwao neno ni moja tu. Sisi tunayagawa, na mimi nalipwa kukaa na kadi hizo na kuamua Mswahili angesema nini wapi.

Kanuni yetu iliwekwa na Mzee Kadi mwenyewe: mfano hautungwi. Kila maana lazima iwe na sentensi iliyotoka kinywani mwa mtu, na nyuma ya kadi huandikwa aliyeisema, mahali na tarehe. Jina haliandikwi, kazi tu. Ujanani mwake alizunguka mitaani na mkoba wa kadi, akikaa vibarazani kwa watu na kusikiliza.

Sasa kaa chini. Kadi ya kumi na tisa inasema hivi: "Namjua kwa mguu. Anaburuta kisigino cha kushoto. Hata akirudi baada ya miaka ishirini, kabla hajabisha nitakuwa nimeshafika mlangoni." Nyuma yake: fundi cherehani, mwanamke, nyumba ya tatu nyuma ya stesheni, 9 Agosti. Nyumba ni yetu, na mwaka ulioandikwa ni ule niliokuwa darasa la sita.

Baba tulimlilia nikiwa darasa la tatu. Wewe ulikuwa na miaka minne, ukashikishwa biskuti ili unyamaze. Nakumbuka alivyokuwa akiburuta kisigino chake. Sasa mama alikuwa anamngoja nani, miaka mitatu baada ya kutuambia kwamba amefia kazini na kuzikwa huko huko?

Muulize taratibu. Kama baba yu hai, nataka amwone mama kabla miezi hiyo haijaisha. Sitaki kingine kwake.

Dada yako


Jumanne, 12 Machi
Nyumbani

Dada, shikamoo.

Salamu zimefika kabla ya barua kusomwa, nisije nikashtakiwa kwenye kamusi. Mama hajambo kiasi chake. Muuguzi anakuja Jumatatu na Alhamisi kumfunga vidonda vya miguu. Siku nyingine anakaa chumba cha nyuma na cherehani ya mkono, maana ile ya miguu haiwezi tena, anashona foronya ambazo hakuna aliyeziagiza. Mimi niko dirishani chumba cha mbele na funguo zangu. Wiki hii nimewafungulia watu watatu waliojifungia nje, na mmoja wao alikuwa na ufunguo mfukoni.

Hilo neno lako nimelicheka sana. Watu wazima mnakaa ghorofani mnaandika maana ya kujua, na mkiulizwa mnajua nini mnaonyesha droo.

Nilimuuliza mama. Alicheka, akasema mafundi cherehani nyuma ya stesheni walikuwa wengi, na wanaume wanaoburuta miguu ndio usiseme. Mtu mwenye kadi hamkumbuki. Kwa hiyo hiyo kadi ni ya mama wa mtu mwingine, dada. Baba alikufa, tulimlilia, na picha yake iko ukutani mpaka leo. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Usimwandikie mama jambo hili, moyo wake hauna nafasi tena.

Kitasa cha mlango wa mbele nimekibadilisha. Ukija usihangaike na ufunguo wako wa zamani.

Mdogo wako,
Bwana Kufuli


Jumatano, 20 Machi
Ofisi ya kamusi

Bwana Kufuli,

Umenijibu haraka mno. Wewe mtu wa kujibu baada ya mwezi, safari hii siku nane tu, tena na utani kila mstari. Niliposoma nikajua una jambo.

Mzee Kadi alirudi kwa yule fundi. Kadi ya ishirini na mbili, 30 Agosti, nyumba ile ile: "Najua aliko na namjua aliye naye. Watoto nimewaambia amekufa. Aliyekufa analiliwa yakaisha, aliye hai utamngoja mpaka lini?"

Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mpiga chapa akaniuliza kama nimepata msiba, nikamwambia hapana, naona kama nimepokonywa msiba. Nina hasira na mama, mdogo wangu. Nina hasira mpaka mikono inaniuma, kisha nakumbuka miguu yake na hasira inakosa mahali pa kukaa. Miaka ishirini na tisa nimekuwa yatima wa mtu anayepumua. Shuleni nilikuwa nikiandika "marehemu" kwenye kila fomu, kwa mwandiko mzuri.

Kuna jambo lingine linalonisumbua. Nilikaa na Mzee Kadi meza moja miaka kumi na moja. Siku zangu za mwanzo aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia nyuma ya stesheni, nyumba ya tatu, mama yangu anashona. Alinimiminia chai, akaanza kuniuliza habari za mvua. Kumbe alijua. Kila asubuhi alinisalimia akijua kwamba baba yangu yu hai, na droo iko pembeni ya goti lake. Bado ina harufu ya tumbaku yake. Nikiivuta naona aibu, kana kwamba namkatiza mtu anayetaka kusema.

Kadi ya ishirini na saba ndiyo ya mwisho ya fundi huyo: "Anaijua pampu kuliko waliomfundisha. Huko kwenye mitambo ya maji ya bwawani hawatamwacha aondoke." Bwawani ni mwendo wa saa nne kwa basi. Nitakwenda Jumamosi ya tarehe 6, ofisi ikiwa imefungwa.

Sasa niambie ukweli. Ulimuuliza mama, au hukumuuliza?

Dada yako


Alhamisi, 28 Machi
Nyumbani

Dada, shikamoo.

Sikumuuliza. Nisamehe. Yale ya kucheka nilitunga, na najua kwenu mfano hautungwi.

Sikumuuliza kwa sababu siku hizi nyumba hii haihitaji kuchokozwa. Sijakwambia, nilidhani yatapita. Tangu Juni mwaka jana, kila siku ifikapo saa kumi alasiri, mama anasimamisha cherehani. Anainua kichwa, anasikiliza, kisha ananiita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mfungulie." Hasemi nani. Nakwenda nafungua. Pale nje ni barabara, jua, na mbuzi wa jirani. Nasimama kidogo, maana nikirudi upesi ananiambia sikufungua vizuri. Nikirudi anauliza, "Kapita?" Nasema, "Kapita, mama." Anaendelea kushona.

Nilimweleza muuguzi, akasema wagonjwa husikia mengi, nisibishane naye. Sibishani. Tatizo ni kwamba juzi nilikuwa nachonga ufunguo, saa kumi haijafika, nikasikia mtu anakuja kibarazani. Hatua moja nzima, na nyingine inakwaruza. Nikazima mashine. Mama hakuwa amesema neno. Nilifungua mlango mwenyewe kwa mara ya kwanza bila kutumwa, na hakukuwa na mtu.

Usiende bwawani. Nakuomba kama ndugu yako wa pekee. Utamkuta nini huko, zaidi ya kizee chenye mvi na mfuko wa nailoni, kinachokuuliza habari za nyumbani kama kilitoka jana? Utamleta kwa mama, kisha? Mama amsamehe kwa pumzi ipi? Acha alivyo kwenye picha. Kwenye picha ni kijana, anacheka, na hajatuacha.

Mama anasema amekuota umevaa gauni la kijani. Kama una la kijani, usilivae.

Mdogo wako


Jumatatu, 8 Aprili
Ofisi ya kamusi

Mdogo wangu,

Nimekwenda, nimerudi.

Mitambo ni nyumba moja ndefu ya bati, ndani pampu nne, na kelele yake inaingia mpaka kwenye meno. Mlinzi wa geti ni mtu mzima, anakaa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa kwa waya. Nilimuuliza fundi pampu anayeburuta kisigino. Akaniangalia usoni muda mrefu, akanipisha kwenye kiti chake. Hapo nikajua. Mtu hakupi kiti chake namna ile kama ana habari njema.

Baba alifariki Septemba iliyopita, kwa kifua. Yule mwanamke aliyeishi naye alitangulia miaka mingi nyuma, na hawakupata mtoto. Wafanyakazi wenzake ndio waliomzika. Nimeliona kaburi. Wameweka bomba la chuma badala ya jiwe, wakaandika tarehe kwa rangi ya pampu. Safari hii nilimlilia kweli, mdogo wangu, na nilijua kabisa ninayemlilia na sababu yake.

Mlinzi ni mtu wa maneno. Alisema mwaka jana mwezi wa Juni baba aliomba ruhusa ya siku tatu aende kwao. Alinyoa, akanunua shati, akaweka vitu vyake kwenye mfuko wa nailoni. Kesho yake tu akawa amerudi. Mlinzi akamuuliza kama hakuwakuta watu. Akajibu, na haya ni maneno ya mlinzi kama nilivyoyaandika palepale: "Nimemkuta mwanangu. Amekuwa fundi wa kufuli. Kanifungulia mlango, kaniambia hanijui."

Mlinzi alisema hakulalamika. Alikunja lile shati, akarudi kwenye pampu yake.

Uliniandikia habari za mfuko wa nailoni kabla mimi sijausikia. Uliniandikia kwamba mama alianza kusikia mtu mwezi wa Juni. Nimeziweka barua zako mezani na nimezisoma zote.

Nimekaa siku mbili na neno hili moja nikilipanga kwenye kadi, huku mtu kujua, huku mtu kutambua, huku kufahamu, na sijui wewe nikuweke wapi. Kwa hiyo nakuuliza kwa maneno yetu ya nyumbani. Siku ile mlangoni, ulimjua?

Dada yako


Jumapili, 14 Aprili
Nyumbani

Dada,

Nilimjua.

Ilikuwa saa kumi. Nilisikia mguu kabla hajabisha. Nilikuwa na miaka minne alipoondoka na sikujua kama nakumbuka mguu wake, lakini nilipousikia niliutambua. Nikafungua. Alikuwa na masikio yangu, dada. Masikio haya haya ambayo ulikuwa unanitania nayo, kwenye kichwa cha mzee.

Akasema, "Fundi cherehani yupo?" Nikasema, "Unamtaka nani?" Akaniangalia, akauliza, "Unanijua?" Alivyouliza hakuwa na kiburi, alikuwa anaogopa. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema subiri. Nikasema, "Sikujui, mzee. Umepotea nyumba."

Akakubali kwa kichwa. Kisha akaweka kidole kwenye kitasa changu, kile cha zamani nilichokichonga mwenyewe, akakichunguza. Akauliza, "Hiki umekifunga wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kazi safi." Akaondoka. Nilimtazama mpaka kona ya stesheni. Hakugeuka.

Ndiyo maana nikakibadilisha. Nilishindwa kukishika.

Unaniuliza kwa nini. Nimejiuliza tangu Juni. Miaka yote hii nilikuwa na baba aliyekufa, na alikuwa baba mzuri. Nikishindwa kazi namwambia yeye. Nikiiona ile picha asubuhi natoka nikiwa na mtu. Halafu anakuja mzee na mfuko, na kwa dakika moja naelewa kwamba yule mzuri hakuwahi kuwepo, na mama alitudanganya, na huyu alikuwa saa nne kwa basi miaka yote na hakupanda basi. Nilichagua yule marehemu. Nilidhani huyu atarudi tena nitakapokuwa tayari. Watu hurudi. Sikujua ana kifua.

Mama alikuwa chumba cha nyuma. Aliuliza ni nani, nikamwambia mtu kapotea njia. Kesho yake saa kumi akaanza kusema "Mfungulie." Sasa unaelewa ninavyofungua mlango ule. Kila siku, dada, mara moja, na kila siku naomba awepo ili nijibu vizuri.

Tangu barua yako ifike chakula hakipiti. Nikuombe nini tena? Usimwambie mama. Si kwa kuniokoa mimi. Anamngoja, na kungoja ndiko kunakomshikilia. Ukimwambia amekufa nitampoteza na yeye kwa mkono ule ule.

Au mwambie. Sijui. Amua wewe, mimi nimeshaamua mara moja na unaona nilivyoamua.

Mdogo wako


Alhamisi, 18 Aprili
Nyumbani
Kwa mkono wa muuguzi

Mwanangu,

Nimemtuma mdogo wako akaninunulie uzi wa rangi ambayo najua hawana, ili achelewe. Huyu binti anayenifunga miguu ana mwandiko mzuri na ameapa kunyamaza. Nasema, anaandika. Zamani alikuwepo bwana mmoja, mimi nasema na yeye anaandika, na nadhani umeshakutana na aliyoyaandika. Barua zako sikuzisoma, na macho yenyewe hayataki tena. Lakini mdogo wako akisoma barua ananyamaza, na ukimya wake naufahamu tangu akiwa mgongoni.

Sasa sikiliza, usinikatize kama kawaida yako.

Siku aliyokuja baba yenu, nilimsikia toka kona. Mguu wangu ulikuwa bado juu ya kanyagio, nikausimamisha. Nilisikia alivyouliza na nilisikia alivyojibiwa. Chumba cha nyuma na mlango ni hatua kumi na moja, na siku hizo nilikuwa bado natembea. Miaka ishirini na tisa nilikuwa na maneno tayari, mengine ya kumtukana na mengine sitaki binti huyu ayaandike. Nikafungua mdomo. Kisha nikawaza: nikimwita, mwanangu atajua nilimdanganya, na dada yake atajua. Nikaona haya mbele yenu. Nikafunga mdomo. Kijana akaja akaniambia mtu kapotea njia, nikasema haya.

Kwa hiyo asibebe peke yake. Mlango aliufunga yeye, mimi nilikuwa ndani nimekaa. Mwambie hivyo nikishaondoka, si kabla. Nikiwa hai tutashindwa kutazamana.

Namwambia afungue kila siku kwa kuwa nataka awe ndiye aliyemfungulia, safari ya pili. Mwanzoni nilikuwa na hakika atarudi. Mtu yule alikuwa na aibu lakini hakuwa na haraka.

Wiki hii mdogo wako hali. Anachonga funguo, anazitupa. Jana alikaa chini karibu na kiti changu, akaweka kichwa hapa gotini, mwanaume mzima wa miaka thelathini na mitatu, akasema amechoka tu. Nilimpapasa masikio. Mtu hachoki hivyo kwa ajili ya mtu aliye hai.

Wewe umekwenda mahali, mwanangu. Umetafuta, na kutafuta ni kazi yako, sikulaumu. Ulichokipata ni chako na cha mdogo wako, msinigawie. Baba yenu nilimlilia mara moja kwa uongo, tena vizuri, watu wote wakaamini. Nikianza kumlilia kwa kweli sitamaliza, na muda huo sina.

Njoo Jumamosi. Njoo na hilo gauni la kijani ukipenda, mdogo wako kaniambia alikuonya, mpuuze. Ila nakuomba jambo moja. Shukia stesheni, unawe uso pale bombani, ukae mpaka macho yakauke. Ukiingia umelia, nitajua.

Mama yenu